Msitu Uliorudi Gazi

Kusini mwa Mombasa, kilomita 50 hivi kwa barabara iendayo Lunga Lunga, bahari imeingia nchi kavu ikafanya ghuba ya maji madogo. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, huimwagia maji matamu na tope. Kando yake kiko kijiji cha Gazi. Wanahistoria wanakikumbuka kwa sababu ya Mbaruk bin Rashid, Mazrui aliyewaasi Waingereza mwaka 1895. Wanasayansi wa bahari wanakijua kwa habari nyingine: hapa kuna mikoko ya zaidi ya hekta 600, na sehemu yake ilikatwa hadi tope likabaki wazi, kisha ikapandwa tena kwa mikono ya watu.

Jinsi ilivyokatwa na jinsi ilivyorudi ni historia ndefu kuliko umri wa kijiji chenyewe. Inaanzia kwenye majahazi.

Karne za boriti

Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alisema kwamba nyumba za Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Inaaminika kwamba mingi ya miti hiyo ilikuwa mikoko ya pwani yetu. Bara Arabu na Ghuba hazikuwa na mbao za kutosha kuezekea, na mkoko ulikuwa na sifa zote zilizotakiwa: umenyooka, ni mgumu, na mchwa hauwezi kirahisi. Majahazi yalishuka kwa kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi kwa kusi yamesheheni boriti. Biashara hiyo iliacha alama hata katika vipimo vya majumba. Chumba cha nyumba ya kale ya Lamu, kama kile cha Omani au Kuwait, ni chembamba na kirefu, kwa kuwa upana wake haukuweza kupita urefu wa boriti, mita mbili na nusu au tatu hivi.

Watu wa pwani hawakuuona msitu huo kama kitu kimoja. Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Mkoko wenyewe ulitoa boriti, na magome yake yalitumiwa kutengenezea ngozi na kutilia rangi. Mkandaa ulitoa nguzo na fito za nyumba za udongo. Mlilana, unaosimama mbele kabisa kuikabili bahari, ulichongwa mataruma ya vyombo. Mchu uliingia tanuri la chokaa. Muia, mkomafi, mkomafi dume, msikundazi na kikandaa nazo hazikukosa wa kuzitafuta. Miti iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ikapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkataji aliyeingia msituni na shoka alijua tayari anatafuta unene gani, na miti mingine aliiacha.

Biashara hiyo ilidumu hadi karne ya 20. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, wakaingia delta ya Rufiji kupakia mikoko. Baadaye alieleza katika kitabu chake jinsi mabaharia walivyohangaika katika vijito vya matope, wakibeba miti begani kutoka msituni hadi chomboni. Hapo Rufiji, na vilevile Lamu ambako Wabajuni walipiga kambi kwa wiki nyingi wakikata, kazi ilikuwa ngumu kupita kiasi. Ugumu huo ndio ulioulinda msitu. Shoka, bega na tanga havikuweza kuchukua kwa kasi ya kuumaliza, na mti mwembamba ulioachwa leo ulikuwa boriti ya miaka ijayo.

1932: tope lapata mwenyewe

Tarehe 30 Aprili 1932 serikali ya kikoloni ya Kenya ilitangaza kwamba mikoko yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni msitu wa serikali. Mwaka 1964, baada ya uhuru, tangazo hilo lilithibitishwa kwa notisi nyingine ya kisheria. Kwa maandishi, mikoko ilikuwa imepata ulinzi kamili. Kwa vitendo, ilipata ofisi ya kutoa vibali.

Badiliko hili halikupigiwa kelele, ila madhara yake yalienda mbali. Mwanakijiji aliyekuwa akikata mkandaa wa kujengea jiko sasa alihitaji karatasi. Mfanyabiashara mwenye fedha aliweza kuipata karatasi hiyo kwa wingi. Afisa wa misitu, aliyekaa mjini na mara nyingi hakuwa na mashua, alitarajiwa kulinda vichaka vilivyoenea kutoka Kiunga hadi Vanga. Waliokuwa wakikaa kando ya msitu hawakuwa na usemi juu ya nani aingie wala aondoke na nini. Bila kulielewa hilo, mtu hawezi kueleza kilichotokea Gazi.

Soko la Ghuba lilidhoofika baada ya mafuta kuleta saruji na chuma huko Uarabuni. Mwaka 1982 rais wa Kenya alipiga marufuku usafirishaji wa nguzo za mikoko kwenda nje, na biashara ya karne kumi ikafungwa kwa tamko moja. Ila kwa mikoko mingi hatari haikuwa tena ng'ambo. Ilikuwa nyumbani.

Miaka ya 1970: tanuri

Mji wa Mombasa ulikuwa ukipanuka na hoteli za pwani zikichipuka. Ujenzi ulitaka chokaa na matofali, na tanuri za vitu hivyo zilitaka kuni zinazowaka kwa moto mkali na wa muda mrefu. Mikoko ya Gazi, iliyokuwa karibu na barabara, ikageuka kuwa kuni za viwanda.

Ukataji huu haukufanana na ule wa boriti. Tanuri halichagui unene. Mti mkubwa na mche, mkoko na mlilana, vyote viliingia motoni. Sehemu zilizokuwa mbele ya bahari zilibaki wazi, na hazikuota tena hata baada ya miaka ishirini.

Kwa nini msitu uliozoea kukatwa ulishindwa kurudi wenyewe? Jibu liko katika namna mikoko inavyozaa. Tunda la mkoko huanza kuota likiwa bado linaning'inia kwa mama yake, likarefuka kama rungu jembamba la kijani, kisha likadondoka. Likianguka maji yamekupwa, linaweza kujichomeka papo hapo kwenye tope. Likianguka maji yamejaa, huelea hadi lipate mahali. Pasipo na miti mama hakuna kinachodondoka, na kinacholetwa na maji kutoka mbali hukuta uwanja usio na mizizi ya kukinasa, kikasombwa na bamvua inayofuata. Kadiri eneo linavyokaa wazi ndivyo mchanga unavyohama, jua linavyochoma tope na chumvi inavyozidi. Ufuo wa Gazi ulianza kumomonyoka. Wavuvi, wanaojua kwamba samaki wengi, kaa na kamba hukulia katika mizizi ya mikoko, hawakuhitaji kuelezwa hasara hiyo na mtu yeyote.

Gazi haikuwa peke yake. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa karibu na bandari ya Mombasa, na mafuta yakaingia katika hori ya Makupa na kuiua mikoko iliyokuwa hapo. Baadaye watafiti waliolinganisha picha za satelaiti walikadiria kwamba kati ya 1985 na 2010 Kenya ilipoteza karibu asilimia 18 ya mikoko yake yote.

1971: shimo la Bamburi

Jaribio la kwanza kubwa la kurudisha uhai katika ardhi iliyoharibiwa ya pwani hiyo halikufanyika kwenye mikoko. Lilifanyika katika shimo la mawe kaskazini mwa Mombasa. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza mwaka 1954, kilikuwa kimechimba miamba ya matumbawe ya kale hadi karibu na maji ya chini ya ardhi. Kilichosalia kilikuwa jangwa jeupe lenye joto kali na chumvi, lisilo na chembe ya udongo.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akisimamia mashamba ya kampuni hiyo, alipanda humo aina 26 za miti ili aone ni ipi itakayovumilia. Tatu tu zilipona: mnazi, mdamasi wa kutoka nchi za Somalia, na mvinje. Mvinje ndio ulioshinda yote, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa nitrojeni hewani, hivyo huweza kujilisha mahali pasipo rutuba. Kukawa na tatizo jipya. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana bila kuoza. Haller aligundua kwamba majongoo wakubwa wenye miguu myekundu walikuwa wakiyala. Akawaingiza kwa maelfu, nao wakayasaga majani na kuyageuza kuwa mbolea. Udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe, miti ya asili ya pwani ikaweza kufuata, kisha ndege, nyani na wanyama wengine. Mahali hapo sasa panaitwa Haller Park.

Bamburi iliiachia pwani swali ambalo bado linajadiliwa: miti ya kigeni ina nafasi gani katika kurudisha uasili? Mvinje si mti wa asili ya Afrika Mashariki, lakini bila mvinje hakuna mti wa asili ambao ungesimama katika shimo lile. Kwa upande mwingine, mwarobaini, ulioletwa kutoka Bara Hindi na kupendwa kwa dawa na kivuli chake, umesambaa wenyewe kote pwani hadi ndani ya makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Huko unashindana na miti iliyohifadhiwa kwa vizazi. Mti wa kwanza uliletwa kama mlezi, na watunzaji wakaingiza mingine chini yake. Wa pili hakuna aliyeusimamia. Tofauti hiyo ndiyo inayopasa kuangaliwa, kuliko asili ya mti peke yake.

1991: majaribio ya ghuba

Kwenye tope la bahari jibu lilikuwa wazi zaidi. Maji ya chumvi hayavumiliwi na mti wowote wa bara, na mikoko ya pwani yenyewe ndiyo iliyoumbwa kwa mahali hapo. Swali lilikuwa mkoko upi, na wapi.

Mwaka 1991 James Kairo, mtafiti ambaye amefanya kazi yake katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, alianza majaribio ya kupanda mikoko katika Ghuba ya Gazi. Kazi ilionekana rahisi: okota matunda ya mkoko yaliyokomaa, yachomeke topeni mstari kwa mstari, rudi nyumbani. Kotekote duniani miradi mingi imefanya hivyo na kushindwa, kwa kuwa mkoko ndio rahisi kupanda, basi hupandwa kila mahali. Bahari haikubali. Mstari wa mbele kabisa, unaofunikwa na maji kwa saa nyingi na kupigwa na mawimbi, ni wa mlilana, wenye mizizi ya kupumulia iliyochongoka na kutoka topeni kwa mamia. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha muia na mkandaa, na mchu hupatikana mbele na nyuma pia, hadi kwenye chumvi kali ambako maji hufika kwa bamvua tu.

Mlilana haukuwa na urahisi wa mkoko. Mbegu zake ni ndogo sana, zikitupwa topeni zinapotea. Ilibidi kuoteshwa miche katika kitalu na kuizoesha chumvi kabla ya kuipeleka mbele ya bahari. Ilibidi pia kujua kalenda ya maji kama wavuvi wanavyoijua: kupanda wakati wa maji mafu, ili mche upate siku chache za kushika kabla bamvua haijaujaribu. Hapa elimu ya maabara na elimu ya kijiji zilikutana, na wanakijiji, wanawake wengi wakiwemo, ndio waliochukua miche na kuingia topeni.

Shamba la mkoko lililopandwa mwaka 1994 lilipopimwa likiwa na umri wa miaka 12, miti yake ilikuwa na urefu wa mita 8 hivi, na chini yake miche mingine ilikuwa imeota bila kupandwa na mtu. Hilo la pili lina uzito kuliko urefu. Shamba linalohitaji kupandwa kila mwaka bado ni shamba, lakini likianza kuzaa lenyewe limekuwa msitu.

1997–98: mvua

Kisha ikaja El Niño. Mvua za mwishoni mwa 1997 na mwanzo wa 1998 zilivunja madaraja na kuzamisha mashamba nchini Kenya, na mito ikateremsha hadi pwani udongo wa milima na mashamba yasiyo na miti. Katika hori ya Mwache, magharibi mwa Mombasa, tope lilizika mizizi ya mikoko. Mizizi hiyo hutoka juu ili ivute hewa. Ikifunikwa, mti hufa kwa kukosa pumzi. Eneo kubwa la mikoko lilikauka, likabaki vigogo vyeupe.

Mwache ilionyesha kwamba hata asiyegusa mkoko kwa shoka anaweza kuuua akiwa kilomita nyingi bara, kwa kulima ukingo wa mto. Kupanda upya katika udongo mpya uliojaa hivyo ni kazi ngumu mno, maana uwanja wenyewe umepanda juu na maji hayaufikii kama zamani.

2005–2013: kijiji chapewa ufunguo

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyoanza kulirekebisha tangazo la mwaka 1932. Iliruhusu wakazi kuunda vyama vya misitu vya jamii na kuingia makubaliano na serikali ya kusimamia msitu kwa pamoja. Gazi na jirani yake Makongeni zilikuwa na mtaji ambao vijiji vingine havikuwa nao: zaidi ya miaka kumi ya takwimu kuhusu miti yao. Wanawake wa Gazi walikuwa wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, wakawa wanawatoza ada wageni wanaokuja kuitembelea.

Kilichofuata kilitokana na tope. Miti mingi ikianguka bara huoza na kurudisha hewani kaboni iliyonayo. Katika tope la mikoko hakuna hewa ya kutosha, hivyo mizizi na majani hukaa chini kwa karne nyingi. Watafiti wakiwemo Kairo na Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier walipima kiasi kilichohifadhiwa Gazi, na mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza kaboni hiyo chini ya kiwango cha Plan Vivo. Umesajiliwa kwa hekta 117, nazo 107 ni za msitu wa asili na 10 za uliopandwa. Makadirio ni tani 3,000 hivi za hewa ukaa kwa mwaka. Wanunuzi ni watu na mashirika ya ng'ambo yanayotaka kufidia moshi wao.

Fedha zake si nyingi. Ila zinafika kijijini, na matumizi huamuliwa katika mikutano ya wakazi. Zimelipia maji ya bomba, vitabu vya shule na doria za msitu. Ili watu wasilazimike kurudi kwenye mikoko kutafuta kuni na nguzo, mvinje umepandwa nchi kavu, mbali na tope; mti ule ule wa Bamburi umepewa kazi hapa pia, mahali ambapo hauunyang'anyi mkoko kitu. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kuna wanaosema kwamba biashara ya kaboni inamruhusu mchafuzi wa mbali kuendelea kuchafua. Hoja hiyo ina nguvu, na vijiji vya pwani havipaswi kuambiwa kwamba vimetatua tatizo ambalo havikulisababisha. Hata hivyo, kwa mkazi wa Makongeni mlinganisho haukuwa kati ya kaboni na dunia isiyo na moshi. Ulikuwa kati ya fedha zinazorudi kijijini na kibali kinachotolewa mjini.

Vanga na Lamu

Mfano wa Gazi ulivuka hadi mpakani. Vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu kabisa na Tanzania, vilianzisha mradi wa namna hiyo wa mikoko ya hekta 460, karibu mara nne ya Mikoko Pamoja.

Lamu ni jambo zito zaidi. Mpango wa taifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027 ulihesabu hekta 61,271 nchini, na zaidi ya nusu yake, hekta 37,350, ziko Lamu. Huko ndiko ukataji bado ni riziki ya familia nyingi, na huko ndiko bandari mpya ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET ilikojengwa, ikachimba mikondo na kuondoa mikoko. Mwaka 2018 mambo mawili yalitokea, yakipishana kwa miezi michache tu. Mwezi Februari serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa Lamu wakajikuta bila kazi pamoja na wanyang'anyi wa misitu ya milimani. Kisha Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na bandari. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Mkataba wa kaboni wa Gazi ni wa miaka 20, unakwisha mwaka 2033. Mtoto aliyezaliwa Makongeni mwaka ulipoanza atakuwa na umri wa kupiga kura katika mkutano utakaoamua kama utaongezwa, kwa bei gani, na fedha zitumike kwa nini.